Familia Haina Mikono

Katika mazungumzo yote kuhusu matunzo ya wazee wenye magonjwa sugu, hakuna neno linaloheshimiwa sana na kuchunguzwa kwa nadra kama neno familia. Hutamkwa kanisani, bungeni, hospitalini na katika vikao vya ukoo kana kwamba ni jina la mtu mmoja mwenye moyo, mfuko na mikono, ilhali familia haijawahi kumgeuza mgonjwa kitandani, wala kuamka saa nane za usiku kumpa maji, wala kukumbuka kwamba vidonge vya presha vimebaki viwili. Anayefanya hayo ni mtu mwenye jina lake, na katika maboma mengi ya Ndanai, kwenye kaunti ya Bomet, jina hilo ni la mwanamke: binti ambaye hakuolewa, au aliyeolewa akarudi, au mke wa kitinda mimba, au mjukuu ambaye masomo yake yalikatizwa bila mtu kukaa kikao kuamua kwamba yakatizwe. Dai linalochunguzwa hapa ni kwamba neno familia, likiachwa bila kuulizwa linamtaja nani, huifanya kazi ya mtu mmoja ionekane kuwa kazi ya wote, na hatimaye kuwa kazi ya hakuna.

Kinacholifanya dai hili liwe la dharura ni jibu moja ambalo limezoeleka katika vikao vinavyofuata mazishi. Hali yenyewe inajulikana: mama amezikwa, maturubai yamekunjwa, ndugu waliotoka Nairobi, Nakuru na Kericho wamebaki siku moja zaidi ili wazungumzie kipande cha chai na kile cha malisho, na yule aliyeuguza anathubutu kuomba kwamba miaka yake itajwe kabla ya ugawaji kuanza. Haombi ilipwe, anaomba itajwe. Hapo husimama mtu anayeheshimiwa, kwa kawaida mwanamume ambaye katika miaka hiyo alifika nyumbani wakati wa Krismasi, akasema kwamba mama hahesabiwi. Vichwa hutikiswa kwa kukubali, aliyeuliza huona haya, na jambo hufungwa. Dhuluma ya namna hii haifiki kwa chifu wala kituo cha polisi, kwa sababu imevaa vazi la heshima, na mtu anayeipinga huonekana amemtukana marehemu.

Maana za kawaida zinaweza kupitwa haraka. Magonjwa sugu ni yale yanayodumu kwa miezi na miaka bila kupona kabisa, kama kisukari, shinikizo la damu, baridi yabisi au kiharusi kilichoacha upande mmoja wa mwili umelala. Msaada wa familia ni fedha, muda, kazi ya mwili na faraja vinavyotoka kwa ndugu badala ya kutoka kwa waajiriwa. Mengine yanaweza kusomwa katika kitabu chochote cha ustawi wa jamii. Lenye kufaa kutazamwa kidogo ni neno sugu lenyewe, ambalo kwa asili ni ile ngozi iliyokufa na kuwa ngumu mahali palipokuwa pakisuguliwa kila siku, kisiginoni au kwenye vidole vya mchuna chai, kwa hiyo kuuita ugonjwa sugu ni kukiri kwamba tabia yake kuu ni kusugua kwa muda mrefu, na anayesuguliwa si mgonjwa peke yake. Kitenzi kuuguza nacho kimetokana na kuugua kwa kuongezewa kiambishi cha kusababisha, hata kwa umbo lake kingetarajiwa kumaanisha kumfanya mtu augue, lakini matumizi yamekipa maana ya kukaa na mgonjwa ndani ya kuugua kwake, jambo ambalo kila aliyelifanya kwa miaka mingi atasema halikukaa mbali sana na maana ile ya kwanza.

Kazi hiyo, kinyume cha inavyodaiwa, inapimika. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hushauriwa ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, ili ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro isikose damu na kufanya vidonda, na saa mbili maana yake ni mara 12 kwa siku, yaani mara 4,380 kwa mwaka, usiku ukiwemo. Chupa ya insulini, dawa inayochomwa ili kushusha sukari mwilini, ikishafunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne, na mahali pasipo na jokofu huhitaji mtungi wa udongo wenye ubaridi na mtu wa kuuangalia mtungi huo. Siku ya kliniki huanza alfajiri kwa kutafuta bodaboda ambayo mgonjwa anaweza kuikalia akiwa ameshikwa kwa nyuma, kisha matatu ya kwenda Sotik, na ikiwa hali ni nzito, Kaplong, Longisa au Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1937 ambayo watu wa nyanda hizi huikimbilia. Na siku hiyo yote chai haikuchunwa na ng'ombe walikamuliwa na jirani.

Sheria za nchi zinaijua kazi hii kwa namna ya ajabu, kwa kuitaja na kumwacha mtendaji wake gizani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kwa Serikali, na mpangilio huo, familia ikiwa mbele na Serikali nyuma, haukuandikwa kwa bahati. Lakini Katiba hiyohiyo, inapomzungumzia mtoto katika ibara ya 53, haitosheki na neno familia. Inasema kwamba wajibu wa kumtunza ni wa mama na wa baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Waandishi wake walijua vizuri kwamba mzigo usiotajiwa mbebaji humwangukia mwanamke, wakauziba mwanya huo kwa mtoto, na kwa mzee wakauacha wazi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa jijini Nairobi mwaka 1981, nao unamtaka kila mtu katika kifungu cha 29 awaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwakimu wanapohitaji, ila kila mtu, katika boma lenye watoto saba, hugeuka upesi kuwa mmoja.

Bima ya afya imeongeza kitendawili kingine. Mpango ulioanza kutekelezwa Oktoba 2024 chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wananchi huiita SHA, humwezesha mchangiaji kumwandikisha mwenzi wake na watoto wake, lakini mama mzazi haingii humo kwa kuwa mama tu. Yeye hujisajili peke yake kama kaya nyingine, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hivyo linapokuja suala la kumbeba mzee, sheria humwona kuwa mtu wa familia ya mwanawe, na linapokuja suala la kumlipia, humwona kuwa kaya ya pembeni. Fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee walioandikishwa, huanzia umri wa miaka 70, ingawa ibara ya 260 humwita mzee yeyote aliyezidi miaka 60, na muongo huo mmoja ulioachwa katikati ndio ambao presha na kisukari hupenda kujitokezea.

Yapo mapingamizi ya haki, na hayachukui nafasi kubwa. Jane English, mwanafalsafa wa Marekani, alidai katika insha iliyochapishwa mwaka 1979 kwamba watoto wakubwa hawana deni kwa wazazi wao, na kwamba wanachofanyiana hutokana na urafiki uliopo sasa, hoja inayosaidia kumwelewa mtoto aliyepigwa na kutelekezwa utotoni ambaye leo anaambiwa auguze. Wapo pia wasemao kwamba ndugu walioko mbali ni maskini kuliko wanavyodhaniwa, na ni kweli, hasa tangu mashine za kuchuna chai zilipopunguza vibarua katika mashamba makubwa. Tena Serikali haina fedha za kumwajiri mtu katika kila boma.

Pingamizi linalokera ni lile la kikaoni, kwa sababu linajifanya ni la juu kuliko hoja, na kwa sababu hiyo linastahili kufunguliwa mshono baada ya mshono. Sura yake iliyo bora ni ya kale. Aristotle aliona kwamba mwana hawezi kamwe kumrudishia baba yake kilicho sawa na alichopewa, maana amepewa uhai wenyewe, na kwa hiyo deni la mzazi halina siku ya kwisha. Msemaji wa kikaoni, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo, anafuata njia hiyohiyo, kisha anaruka: kwa kuwa deni haliwezi kumalizika, basi halihesabiki, na kwa kuwa halihesabiki, hakuna aliyelipa zaidi ya mwingine. Kosa liko katika mruko. Maji ya ziwa hayawezi kuisha kwa kuchotwa, lakini ndoo zilizochotwa zinaweza kuhesabiwa, na anayejua hilo kuliko wote ni aliyezibeba. Deni lisilo na mwisho, likiwaangukia watoto saba, bado linaweza kugawanywa kwa siku, kwa usiku, kwa safari za kliniki. Kutokuwa na mwisho kwake kungepaswa kuwatia wote hofu sawa, badala ya kuwapa sita kati yao usingizi.

Linasemwa pia kwamba kuhesabu kunaua upendo. Hakuna anayeamini jambo hilo kwa dhati katika nchi ya chai. Majani yanayochunwa asubuhi hupelekwa kwenye kituo cha kununulia, hutundikwa kwenye mizani, na uzito wake huandikwa hadi sehemu ya kilo, na mkulima ambaye angeambiwa kwamba kupima majani yake ni kudharau mapenzi aliyonayo kwa shamba angecheka au angegomba. Bonasi, yaani yale malipo ya pili ya mwaka ambayo wakulima wadogo huyangojea karibu na Oktoba, huzungumzwa kwa senti, na malalamiko kwamba viwanda vya Kericho na Bomet hulipwa chini ya vile vya mashariki ya Bonde la Ufa hurudi kila mwaka. Maziwa hupimwa kwa lita. Mahari huhesabiwa kwa ng'ombe mbele ya mashahidi, na hakuna shemeji aliyewahi kusema kwamba bibi harusi hahesabiwi. Zaidi ya yote, mama huyuhuyu asiyehesabiwa akifa huhesabiwa mara moja: kikundi cha WhatsApp hufunguliwa jioni hiyo, michango huorodheshwa kwa majina na tarakimu, orodha huwekwa upya kila anapotuma mtu, na aliyetoa shilingi elfu kumi hutajwa kwa sauti mbele ya jeneza. Kinachokataliwa kwa hiyo si hesabu. Kinachokataliwa ni hesabu ya aina moja, ile ambayo ingeonyesha kwamba mwenye elfu kumi na mwenye mara 4,380 hawajafanya jambo moja.

Hapa upo ukweli mdogo ambao msemaji anaupotosha. Mtu anayempa mama yake uji huku akiandika dakika zilizotumika amekosea mahali fulani, na kila mtu huhisi hivyo. Lakini kosa lake liko wapi? Haliko katika kujua idadi, kwa maana anayeuguza kwa mapenzi ndiye anayehesabu kuliko wote: anajua vidonge vingapi vimebaki, sukari ilisoma ngapi asubuhi, ni siku ya ngapi tangu choo kipatikane, kidonda kimepungua kwa upana gani. Kosa liko katika kumdai mgonjwa. Hesabu ikielekezwa kwa mama ni matusi. Ikielekezwa kwa ndugu ni haki. Msemaji wa kikaoni anazichanganya hesabu hizi mbili, akijificha nyuma ya kitanda cha mama ili asiulizwe na dada yake.

Kisha lipo lile neno fupi, ambalo pengine ndilo lenye sumu kuliko yote: alikuwa nyumbani tu. Neno tu katika Kiswahili linaweza kufuta maisha ya mtu kwa silabi moja. Husemwa kwamba hakuacha kazi, kwa sababu hakuwa na kazi. Kwamba hakupoteza muda, kwa sababu muda wake haukuwa na mnunuzi. Kwamba chakula alikula cha mama, nyumba alilala ya mama. Lakini mtu hakuwa nyumbani kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Baada ya mwaka wa kwanza hakuwa na pa kwenda kwa sababu alikuwa nyumbani. Aliyebaki hakuchuma mtaji, hakujenga jina katika chama cha akina mama, hakulipa michango ya NSSF ambayo ingemsaidia uzeeni, na vijana wa rika lake waliomwulizia walichoka kuulizia. Gharama hizo hazionekani kwa kuwa ni vitu visivyotokea, na kikao hakijui kugawa vitu visivyotokea.

Na wasemao kwamba malipo yake ni baraka wajibiwe kwa swali moja: ikiwa baraka ya mzazi ndiyo mali kuu, ilikuwaje watoto sita wakawa wakarimu kiasi cha kumwachia mmoja yote?

Limebaki kimbilio la mila, nalo ndilo linaloufanya mjadala huu uchepuke kidogo, kwa kuwa mila ya Wakipsigis, wenyeji wa maboma haya ya Bomet, ina jambo ambalo wanaoitumia kama ngao hawalitaji. Miongoni mwa Wakipsigis na jirani zao Wanandi ipo desturi iitwayo kitunchi toloch, jina lenye wazo la kuitegemeza nyumba isianguke, ambayo kwayo mwanamke aliyefika uzeeni bila mtoto wa kiume huoa mwanamke mwingine. Hutoa ng'ombe wa mahari kama mume yeyote, mbele ya wazee, na watoto watakaozaliwa na yule bibi huwa wa nyumba yake, wanaorithi mali ya nyumba hiyo na kuitunza pamoja na mwenyewe. Mwanaanthropolojia Regina Smith Oboler, aliyeichunguza kwa Wanandi, alionyesha mwaka 1980 kwamba uanaume anaopewa mwoaji huyo una uzito hasa katika mambo ya mali na urithi, wala si katika kila pembe ya maisha. Mahakama za Kenya nazo hazikuipuuza: mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa, ikiamua shauri la mirathi, iliitambua ndoa ya namna hiyo chini ya desturi za Wanandi.

Desturi hii hupendwa na wageni kwa upya wake, na baadhi ya wenyeji huionea haya. Zote mbili ni njia za kutoitazama. Ikitazamwa vizuri, ni mpango wa kutunzwa uzeeni, uliofikiriwa mapema, uliogharimiwa kwa ng'ombe, wenye mashahidi, wenye mtunzaji anayejulikana kwa jina na haki yake inayojulikana kwa mali. Waliouasisi hawakudhani kwamba nyumba itasimama kwa sababu watu wanapendana. Walijua kwamba nyumba inayoinama inahitaji mhimili, na mhimili una bei. Vivyo hivyo desturi iliyoenea ya kitinda mimba kubaki katika boma la wazazi haikuwa ukarimu mtupu, maana aliyebaki alibaki pia na nyumba. Mila, kwa maneno mengine, ilihesabu. Wasiohesabu ni watoto wake wa leo, waliochukua wajibu ule na kuutenganisha na haki yake, wakauita huo utengano utamaduni.

Hata hivyo mfano huo haumfurahishi kabisa anayeuleta. Yule bibi aliyeolewa ili nyumba isianguke mara nyingi ni msichana wa nyumba yenye dhiki, labda mwenye mtoto tayari, ambaye wazazi wake walikuwa na haja ya ng'ombe kuliko yeye alivyokuwa na haja ya mume wa namna hiyo, na matunzo yaliyohesabiwa kwa uwazi yalibebwa na mikono yake bila yeye kushika mizani. Kuhesabu peke yake hakumkomboi anayebeba. Nchi zilizojaribu kuufanya wajibu wa watoto kuwa wa kisheria zimekutana na mpaka uleule: Singapore kwa sheria yake ya mwaka 1995 na India kwa ile ya mwaka 2007 ziliunda mabaraza yanayoweza kumwamuru mtoto atoe posho, maana posho ndiyo inayoweza kuamriwa, na hakuna baraza linaloweza kumwamuru mtu aamke saa nane za usiku kwa upole. Kenya nayo, ambako mswada wa kuwatunza na kuwalinda wazee ulifika Seneti mwaka 2018, ingekutana na mpaka huo. Kila kitu kikigeuzwa fedha, mwana aliyeko Nairobi atatuma kwa M-Pesa na kujiona amemaliza, na dada yake atageuka kuwa mfanyakazi wa nyumbani katika boma alilozaliwa. Kila kitu kikiachwa kwa mapenzi, dada huyo hatakuwa hata mfanyakazi, kwa sababu mfanyakazi ana mwisho wa mwezi.

Njia iliyo kati ya hayo mawili haijaonekana vizuri, na huenda haiko katika sheria wala katika kikao kimoja. Sheria ya Urithi, sura ya 160, humpa kila mtoto sehemu iliyo sawa pale mzazi mjane anapokufa bila wosia, na usawa huo, ambao mabinti wengi wa Bomet bado wanaupigania, kwa aliyeuguza ni ushindi wenye doa, kwa kuwa unamlinganisha na waliofika Krismasi. Wosia ungeweza kusema zaidi, lakini kumletea mgonjwa karatasi ya wosia ndiko hasa kunakoitwa kumtakia kifo, na anayeileta ataambiwa kwamba hicho ndicho alichokuwa akikingoja miaka yote.

Na muda hausubiri kikao. Mama wa miaka 85 aliyejifungua kifungua mimba wake akiwa na miaka 20 ana binti wa miaka 65. Kwa ibara ya 260 wote wawili ni wazee, na kwa ibara ya 57 kila mmoja wao ana haki ya kutunzwa na familia yake, ambayo katika nyumba hiyo ni yule mwingine.